Ukusanyaji wa data za afya ya kinywa kwa vifaa vya kielektroniki, Karatu na Ngorongoro

Ukusanyaji wa data kielektroniki ni kujaza dodoso la utafiti kwenye simujanja au kishikwambi, kisha kutuma majibu kwenye seva. Programu zinazotumika sana ni REDCap, iliyoanzishwa mwaka 2004 katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, na ODK, iliyoanza mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington. Zote huweza kujazwa pasipo intaneti, na majibu hutumwa mtandao unapopatikana. Katika wilaya za Karatu na Ngorongoro, mkoani Arusha, uwezo huo ni wa lazima, kwani maboma mengi yako mbali na minara ya simu.

Tatizo linalochunguzwa

Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa huachia floraidi katika maji. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Magadi ya kulainishia maharage na makande huweza kuiongeza. Mtoto akiipata kwa wingi meno ya kudumu yanapoumbika, huota meno yenye mabaka meupe au ya kahawia, yaani florosisi.

Ujazaji

Mtaalamu wa meno hukagua na kutaja hali ya kila jino. Karani huingiza alama. Florosisi hupimwa kwa kipimo cha Thylstrup na Fejerskov cha mwaka 1978, chenye alama 0 hadi 9. Kwa upande wa kuoza, hujumlishwa meno yaliyooza, yaliyong'olewa kwa kuoza na yaliyozibwa. Dodoso likiwekewa mipaka, hukataa alama 10 ya florosisi au jumla inayozidi meno 32 papo hapo, mgonjwa akiwa bado kitini.

Masharti ya ubora

Dodoso sharti litungwe kwa kuijua jamii. Baadhi ya Wamaasai hung'oa kwa mila meno mawili ya mbele ya chini. Pasipo swali la sababu ya pengo, mila itahesabiwa kuwa ugonjwa. Programu pia haitambui alama isiyo sahihi iliyo ndani ya mipaka. Kwa hiyo alama za wakaguzi hulinganishwa kabla ya kwenda vijijini. Kifaa hufungwa kwa nywila, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 humlinda mshiriki. Data safi huonyesha kijiji kinachohitaji chanzo kipya cha maji na kile kinachohitaji huduma ya kuziba meno.