USARF: Wanafunzi wa Mlimani walioupima Ujamaa kwa kipimo chake

Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu jijini Dar es Salaam, kinachojulikana kama Mlimani, waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti mapya ya Jeshi la Kujenga Taifa. Kilichowakera zaidi ni kwamba kwa sehemu kubwa ya kipindi cha utumishi huo wangelipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Baadhi yao walibeba mabango yaliyodai kuwa hali ilikuwa nafuu wakati wa ukoloni. Rais wa nchi, Mwalimu Nyerere, aliwafukuza vijana karibu 400, wa chuo hicho na vyuo vingine, akakata na mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Machi 1978 wanafunzi wa Mlimani waliingia tena barabarani, safari hii kupinga nyongeza ya marupurupu ya wabunge na mawaziri, na mamia yao wakafukuzwa. Adhabu ilikuwa ileile, lakini hoja ilikuwa imepinduka: wa kwanza walitetea maslahi yao, wa pili walikataa maslahi ya wakubwa. Ili kuelewa mgeuko huo ni lazima kukitazama chama kidogo cha wanafunzi kilichoishi miaka mitatu tu kati ya maandamano hayo mawili, na namna kilivyojifunza kusoma siasa.

Chama hicho, University Students' African Revolutionary Front, kilichojulikana kwa kifupi cha USARF, kilianzishwa mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha lililoutangaza Ujamaa kuwa njia ya taifa. Mazingira yalikisaidia. Tangu 1963 Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na vyama vya wapigania uhuru kama FRELIMO na ANC vilikuwa na ofisi mjini. Mwenyekiti wa USARF alikuwa Yoweri Museveni kutoka Uganda, aliyesoma uchumi na sayansi ya siasa. Miongoni mwa wanachama walikuwamo Watanzania Issa Shivji, mwanafunzi wa sheria, na Karim Hirji, mwanafunzi wa hisabati. Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana aliyekuwa mhadhiri chuoni hapo, alikuwa mwenzao wa mijadala. Mchanganyiko huo wa nchi na masomo una maana kubwa. Sayansi ya siasa iliyosomwa pale haikuwa mali ya idara moja, bali ilikuwa kazi ya yeyote aliyekuwa tayari kusoma na kubishana.

Shughuli zenyewe zilikuwa za kawaida kwa sura. Siku za Jumapili yalifanyika madarasa ya itikadi, ambako wanachama walisoma maandishi ya Marx, Lenin, Fanon na Nkrumah, kisha wakayajadili. Wageni waliopita Dar es Salaam walialikwa kuzungumza. Hata hivyo chama hakikuishia kwenye vitabu. Mwaka 1968 kundi dogo likiongozwa na Museveni lilivuka hadi maeneo ya Msumbiji yaliyokuwa yamekombolewa na FRELIMO, na safari hiyo ilimpa Museveni hoja za insha aliyoandika kupima nadharia ya Fanon kuhusu matumizi ya nguvu. Katika mwaka huohuo wanachama walizuia Rag Day, desturi iliyorithiwa kutoka vyuo vya Uingereza ambapo wanafunzi huvaa matambara na kuzunguka mitaani wakichangisha fedha za hisani. Kwao, msomi anayegharimiwa na mkulima kisha akajigeuza maskini kwa siku moja alikuwa anamdhihaki mkulima huyo. Katika matukio yote hayo utaratibu ulikuwa mmoja: kauli husomwa kwanza, kisha hupelekwa mahali inapoweza kukubaliwa au kukanushwa na hali halisi.

Utaratibu huo ulionekana wazi zaidi katika Cheche, jarida lililoanza Novemba 1969 chini ya uhariri wa Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Lilipigwa chapa kwa mashine ya kudurufu, bila fahari yoyote. Septemba 1970 toleo lake maalumu lilibeba insha ndefu ya Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka yaliyokuwa yakiendelea kimyakimya Tanzania. Shivji hakulikataa Azimio la Arusha. Alilichukulia kwa uzito kuliko wengi waliolishangilia. Azimio lilisema njia kuu za uchumi ziwe mikononi mwa wakulima na wafanyakazi. Basi yeye akauliza: katika mashirika yaliyotaifishwa, nani hasa anafanya maamuzi, ikiwa mikataba ya ubia na ya menejimenti bado inayapa makampuni ya kigeni usemi mkubwa? Na hao warasimu wanaosimamia mali ya umma wana maslahi gani yao wenyewe? Maswali hayo hayakuhitaji siri za serikali. Yalihitaji mtu aliyesoma ahadi, akasoma na mikataba, kisha akaviweka mezani pamoja.

Novemba 1970 USARF na Cheche vilipigwa marufuku. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba nchi ilikuwa tayari na Umoja wa Vijana wa chama tawala, TANU, na kwamba jina la jarida, lililofanana kwa maana na la Iskra, gazeti la Lenin, lingeonyesha kana kwamba Tanzania inaagiza itikadi kutoka nje. Maelezo hayo hayatoshi. Chama kilichokuwa kinapinga ujamaa kingeweza kujibiwa kwa urahisi, na wapinzani wa mwaka 1966 walijibiwa kwa siku moja tu. Kundi lililosumbua ni lile lililoukubali ujamaa na kudai hesabu yake. Dalili zilikuwapo mapema: Desemba 1969 The Nationalist, gazeti la TANU, lilimshambulia Rodney katika tahariri kwa hotuba aliyoitoa kwenye semina ya vijana, ingawa Rodney alikuwa miongoni mwa watetezi wakubwa wa njia ya Tanzania.

Wapo watakaosema kuwa chama hiki kinakuzwa mno. Kilikuwa na wanachama wachache, mwenyekiti wake alikuwa mgeni, na jarida lake liliandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo mkulima aliyetetewa hakuisoma. Dosari hizo ni za kweli, na ya lugha ndiyo nzito zaidi, kwa kuwa iliyafungia mapambano ya kitabaka ndani ya kuta za wasomi. Ni kweli pia kwamba maandamano ya 1978 yalikuwa na mizizi mingine: Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 na migomo ya wafanyakazi iliyofuata ilikuwa imewafundisha wengi kuhoji ubwana wa viongozi. Lakini uchache wa wanachama haukuzuia mjadala kuenea. Jarida la MajiMaji lilichukua nafasi ya Cheche mwaka 1971, na insha ya Shivji ikachapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1973 pamoja na maoni ya wasomi waliokubaliana naye na waliompinga.

Pingamizi zito zaidi ni la matunda. Museveni aliingia madarakani Uganda mwaka 1986 na hajaondoka. Je, madarasa ya Jumapili hayakuwa kiwanda cha watawala? Jibu liko katika njia za wenzake. Shivji alibaki mkosoaji, na mwaka 1991 alipewa uenyekiti wa Tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi. Hirji aliendelea na ualimu wa takwimu na uandishi, akaja kuihifadhi historia ya Cheche katika kitabu mwaka 2010. Meghji aliingia serikalini na kuwa Waziri wa Fedha. Kasumba huzaa watu wanaofanana; hawa hawakufanana. Walichopata pamoja ni uwezo, na uwezo hauchagui utumike wapi. Ndiyo maana klabu ya siasa chuoni haiwezi kuhukumiwa kwa mwanachama wake mmoja aliyepata cheo.

Leo ni rahisi kuviruhusu vyama vya wanafunzi vinavyoalika waheshimiwa, kuwapigia makofi na kupiga picha nao. USARF ilionyesha kazi ngumu zaidi: kuisoma sera kwa makini kuliko aliyeiandika, kisha kuuliza mbele ya watu kama inatekelezwa. Serikali inayolipiga marufuku kundi la aina hiyo hujinyima wakaguzi wasioomba posho, na ikishawanyamazisha hulazimika kusubiri maandamano ili ijue kilichoharibika. Tanzania ilisubiri zaidi ya miaka saba.