Bibi yetu alikuwa wa kabila gani?

Katika vijiji vya kando ya ziwa Tanganika, toka Mpala hata Moba, ziko jamaa nyingi ambazo zikiulizwa habari za mababu zinataja watu wawili watatu, kisha zinanyamaza. Jamaa yetu ni mojawapo. Bibi yetu, mama wa baba, aliletwa misioni akiwa mtoto mdogo, amekombolewa mikononi mwa wafanya biashara ya watumwa. Alikufa mwaka 1958. Sisi tulikuwa wadogo, wala hatukujua kumwuliza.

Tukumbuke kwanza mambo ya siku zile. Mwaka 1883 Mbelgiji Emile Storms alijenga boma pale Mpala, na mwaka 1885 boma hilo likakabidhiwa Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie. Misafara ya watu wa Tippu Tip na Rumaliza ilikuwa ikileta pembe na watumwa toka Manyema na Urua, ikivuka ziwa hata Ujiji, na wengine wakapelekwa mpaka pwani. Mapadri walikomboa watoto wengi kwa kutoa nguo. Mwaka 1887 alifika Kapiteni Joubert kuwalinda kwa bunduki. Lakini hatari haikwisha mpaka vita ya 1892 hata 1894 ilipovunja nguvu za wafanya biashara hao.

Basi tulikwenda kutafuta kitabu cha ubatizo. Mstari wa bibi ni mfupi sana: jina lake la kikristu, umri kama miaka sita, wazazi hawajulikani, na mwisho neno moja tu, Rua. Tulifurahi. Tukasema, kumbe bibi alikuwa Mluba! Maana Urua ndilo jina ambalo watu wa misafara waliipa nchi ya Waluba. Lakini karatasi ya serikali iliyowekwa na baba inasema bibi ni Mtabwa. Hiyo haikutushangaza. Amri ya mwaka 1910 ilitaka kila mtu awe chini ya sultani fulani, na bibi alikuwa ameolewa na Mtabwa, akikaa katika nchi ya Watabwa. Karani angeandika nini kingine?

Padri mmoja mzee ndiye aliyetupoza furaha yetu. Alituuliza: huyo mtoto wa miaka sita, asiyejua Kiswahili, aliyefika akilia, ni nani aliyemjibia? Tukakaa kimya. Aliyejibu ni mwenye kumwuza. Naye hutaja mahali alipomnunua, si mahali mtoto alipozaliwa. Pengine mtoto alikuwa ameuzwa mara mbili au tatu njiani; huenda alitoka kwa Wahemba, au kwa Wasongye, au mbali zaidi. Ndivyo ilivyo hata kwa neno Manyema. Ng'ambo kule Ujiji wapo watu wanaojiita Wamanyema mpaka leo, na babu zao walitoka katika makabila mengi. Mkubwa kidogo aliweza kukumbuka. Adriano Atiman, yule mganga na katekista aliyefika Karema mwaka 1889 na kufa mwaka 1956, alikuwa ametekwa mtoto huko kwenye mto Niger, naye alijua jina la kijiji chake. Bibi yetu hakubaki na neno hata moja.

Labda mtu atasema, jambo hili lina faida gani? Kwa Watabwa ukoo hupita kwa mama. Siku ya posa wazee huuliza: binti huyu ni wa ukoo gani? Mabinti wa shangazi yetu hawana jibu. Zamani watoto wa mwanamke aliyenunuliwa walihesabiwa katika ukoo wa mume wake, kwa kuwa mama hakuwa na ndugu wa kuwadai. Na neno hilo halijafa. Juzi katika ugomvi wa shamba mtu mmoja alimtupia shangazi mbele ya watu wote, naye alirudi nyumbani bila kula.

Kwa sababu hiyo mjukuu mmoja anayekaa Ubelgiji alitaka kupimwa vinasaba, yaani zile alama za ukoo zilizomo mwilini. Hapo tulijifunza jambo. Ziko alama fulani ambazo mama huwapa watoto wake wote, lakini mabinti tu ndio wanaozipitisha mbele. Basi sisi, watoto wa mwana wa kiume wa bibi, hatunazo; alama hizo zimo kwa shangazi na mabinti zake. Yaani zinafuata njia ileile ya ukoo wa Watabwa! Mjukuu huyo ni binti wa binti wa shangazi, akatema mate katika kichupa, akakipeleka.

Jibu lilikuja, nalo halikutaja kabila. Lilisema tu kwamba alama za mama ni za namna inayopatikana kwa Wabantu wengi, toka Kongo hata Zambia na Tanzania. Tusilaumu maabara. Waluba, Watabwa, Wahemba na Wabemba ni wa shina moja, wameoana tangu zamani, na Wakongo waliokwisha pimwa ni wachache; mate yawafananishe na nani?

Tungeacha hapo, kama tusingalirudi kukitazama kitabu mara ya pili. Chini ya mstari wa bibi upo mstari mwingine, tarehe ileile: msichana, kama miaka minne, Rua. Tulimjua! Ndiye yule ambaye bibi alimwita mdogo wangu maisha yote, na sisi tulidhani ni kwa desturi ya misioni tu. Je, walikuwa tumbo moja, au walifungwa kamba moja tu? Hapo vinasaba vinaweza kusaidia kidogo. Alama za mama zikitofautiana, hawakuzaliwa na mama mmoja. Zikilingana, yawezekana, ingawa watu wasio ndugu pia wanaweza kulingana. Binti wa yule mdogo bado yu hai, ni mzee sana, yuko Kalemie. Tulimwandikia. Wajukuu wake wanataka, yeye hataki bado. Tumemwambia tutangoja.