Kifua Kikuu Mjini Moshi: Dhima ya Manispaa

Hospitali ya Kibong'oto, wilayani Siha, ilianza mwaka 1926 kwa fikra iliyotawala tiba ya kifua kikuu wakati ule: mgonjwa aondolewe penye watu, apelekwe kwenye hewa safi ya mlimani, ale vizuri na kupumzika. Dawa zenyewe hazikuwapo. Streptomaisini ilipatikana miaka ya 1940, na isoniazidi ikaanza kutumika mwaka 1952. Utafiti wa Madras, India, uliochapishwa mwaka 1959, ukaivunja fikra hiyo. Mgonjwa aliyemeza dawa akiwa kwake, hata katika chumba duni kilichosongamana, alipona karibu sawa na aliyelazwa sanatoria, na jamaa zake hawakuugua zaidi. Hata hivyo, mjini Moshi fikra ya mlimani haijafa. Bado tunauona ugonjwa huu kuwa mzigo wa hospitali za Kibong'oto, KCMC na Mawenzi, ilhali unazuiwa, au unaachwa uenee, mitaani: Pasua, Njoro, Majengo na Kiboriloni.

Hospitali humpokea mgonjwa aliyekwisha kuambukiza wengine. Mchuuzi wa mitumba anayekohoa wiki ya tatu huanzia duka la dawa: leo dawa ya maji ya kikohozi, kesho antibayotiki, keshokutwa anaambiwa pengine ni vumbi. Muda wote huo analala chumba kimoja na wanawe. Jioni yuko kilabuni anakunywa mbege, na hapo watu huilaumu kata ya pombe inayozungushwa mkono kwa mkono. Kwa ugonjwa huu kata haina kosa. Vimelea husafiri hewani. Hatari ni kilabu chenyewe, chenye dirisha dogo na wanywaji wanaobanana kwa saa nyingi. Kadhalika, kumtengea mgonjwa kikombe na sahani ni kumfedhehesha bila faida, na fedheha hiyo ndiyo inayomfanya mwingine afiche kikohozi chake.

Daktari bingwa hana uwezo wa kuamuru dirisha la kilabu lipanuliwe. Bwana afya wa kata anao. Moshi imejipatia sifa ya usafi nchini kwa sababu sheria zake ndogo zina watu wa kuzisimamia, na sioni kwa nini ukali unaoelekezwa kwenye maganda ya ndizi barabarani usielekezwe pia kwenye hewa ya vilabu, mabweni na vyumba vya kupanga. Mwenye duka la dawa naye anaweza kutakiwa amwelekeze kila anayekohoa zaidi ya wiki mbili kwenda kupimwa makohozi.

Wanaodhani kwamba kazi hii ni ndogo mno kuweza kubadili chochote waitazame New York, ambayo kisa chake kinaanzia hapa nchini. Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulioanzishwa Tanzania mwaka 1977, kwa msaada wa mtaalamu wa ugonjwa huu, Dkt. Karel Styblo, ulionyesha kwamba nchi maskini inaweza kumwandikisha kila mgonjwa, kupima makohozi kwa hadubini, kusimamia umezaji wa dawa na kuhesabu waliopona katika kila kundi. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliufanya utaratibu huo mkakati wa dunia nzima. New York, iliyokuwa imepunguza fedha za huduma hizo, ilifikisha wagonjwa 3,811 mwaka 1992. Idara ya afya ya jiji ikatuma watu wawafuate wagonjwa majumbani na mitaani, wawatazame wakimeza vidonge. Mwaka 1994 idadi ilishuka hadi 2,995. Jiji tajiri liliokolewa na maarifa yaliyopevukia Tanzania, na walioyatumia walikuwa watumishi wa jiji.

Ugumu wa Moshi uko kwenye mpaka. Manispaa inapoishia, Halmashauri ya Wilaya ya Moshi inaanza, lakini kila alfajiri vipanya hushusha watu mjini kutoka Kibosho, Uru na Marangu. Desemba mambo huzidi, Wachagga wanaporudi nyumbani kutoka kila pembe ya nchi. Tiba ya kawaida ni ya miezi sita. Mgonjwa wa mwezi wa tatu, ambaye tayari anajisikia mzima, hupanda gari kwenda Rombo kula sikukuu, na dawa zikimwishia huko, rejista ya mjini humwandika kuwa amepotea. Kusini-magharibi kuna Mirerani, mkoani Manyara, ambako vumbi la mawe huharibu mapafu ya wachimbaji na kuyafungulia kifua kikuu mlango. Ukuta wa kilomita 24.5 uliozinduliwa huko mwaka 2018 unalinda tanzanaiti. Kikohozi hakikaguliwi getini. Rejista moja inayosomeka na halmashauri zote za jirani si anasa.

Mwaka 2009 Kibong'oto ndiyo iliyoanza kutibu kifua kikuu sugu nchini, na itaendelea kuhitajika. Lakini sehemu kubwa ya kazi ya kuwasaka wagonjwa imebebwa na wafadhili, na misaada ya Marekani iliposimamishwa Januari 2025 tuliona jinsi msingi huo unavyoweza kung'oka kwa siku moja. Madiwani wa Moshi watenge fungu la kifua kikuu katika mapato ya ndani ya manispaa: nauli za wahudumu wa afya ngazi ya jamii, usafirishaji wa makohozi hadi maabara, na ziara ya nyumbani kwa kila mgonjwa mpya ili waliolala naye chumba kimoja wapimwe.