Siku 52 za ukuta wa Yerusalemu

Mabishano ya mawe hayajaisha. Mwaka 2007 mwanaakiolojia Eilat Mazar alitangaza kwamba vigae vilivyofukuliwa chini ya mnara mmoja katika Mji wa Daudi, Yerusalemu, vinaonyesha kuwa ukuta wa pale ni wa Nehemia. Mwaka uliofuata mwanaakiolojia mwenzake Israel Finkelstein akapinga: Yerusalemu ya zama za Waajemi, alisema, ilikuwa makazi madogo yasiyo na ngome.

Mimi nimerudi kwenye kitabu chenyewe cha Nehemia katika Biblia. Wababeli waliubomoa mji mwaka 586 KK. Mnamo 445 KK Nehemia, mnyweshaji wa mfalme Artashasta, akaja kutoka Shushani akiwa na ruhusa ya kuujenga. Sura ya 3, ambayo mimbarani hurukwa kwa wingi wa majina, ndiyo daftari la wajenzi. Yumo kuhani mkuu Eliashibu, wamo wafua dhahabu, watengeneza manukato na binti za Shalumu. Malkiya, mkuu wa wilaya nzima, alishika Lango la Jaa, penye takataka za mji. Wakuu wa Tekoa walikataa kutia mkono. Watu wao wa kawaida wakajenga sehemu yao, kisha wakaongeza ya pili.

Tishio kubwa, hata hivyo, halikutoka kwa Sanbalati na Tobia waliokuwa wakiwadhihaki wajenzi. Lilitoka ndani. Waume na wake zao walilia kwamba wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka, wengine wamekopa kulipa kodi ya mfalme, na watoto wao wanatiwa utumwani kwa Wayahudi wenzao. Baba anabeba jiwe la ukuta, na bintiye yuko kwa mdai! Nehemia aliwaka hasira, akaitisha mkutano mkubwa, akawakabili wakuu hadharani. Wakakosa la kusema. Ndipo akakiri kwamba yeye na ndugu zake nao walikuwa wakikopesha, akawasihi wote waache riba na kurudisha mali siku ileile. Wakaapa mbele ya makuhani, naye akakung'uta vazi lake kuwaonya watakaovunja kiapo.

Inaniuma kwamba tunapochangisha ujenzi wa makanisa hatuisomi sura hii ya 5. Muumini anayedaiwa ada ya shule hupangiwa kiwango kabla hajaulizwa hali yake.

Ukuta ulikamilika tarehe 25 ya mwezi wa Eluli, kwa siku 52. Nehemia alikuwa liwali kwa miaka 12 bila kula posho ya liwali, kwa kuwa mzigo wa watu ulikuwa mzito.