Chambo na ndoano katika Luapula na Ziwa Moero

Uteuzi wa chambo na mpangilio wa mshipi katika mto Luapula na Ziwa Moero, mashariki mwa Haut-Katanga, hutegemea kinywa cha samaki na namna anavyotafuta chakula. Samaki wa huko hufika Lubumbashi hasa kwa barabara ya Kasenga.

Kambale hula usiku chini ya maji, akiongozwa na harufu na sharubu zake. Anahitaji chambo chenye harufu kali: nyungunyungu, matumbo ya kuku, vipande vya samaki. Hata kipande cha sabuni humnasa, jambo linaloshangaza wageni, ila sabuni hudumu majini na haitafunwi haraka na samaki wadogo. Kambale hutegwa kwa kamba ndefu yenye ndoano nyingi zinazoning'inia kwa nyuzi fupi, ikilazwa jioni na kukaguliwa alfajiri.

Samaki aina ya Hydrocynus vittatus, mwenye meno kama misumari, huwinda kwa macho. Chambo chake ni samaki mdogo, mzima au kipande. Ndoano hufungwa kwa waya mfupi wa chuma, kwa kuwa meno yake hukata uzi wa nailoni, nayo lazima inolewe vizuri kwani kinywa chake ni mfupa mtupu.

Samaki aina ya Oreochromis mweruensis, anayekula mwani na mashapo, hajali sana chambo. Bonge la bukari au nyungunyungu kwenye ndoano ndogo humvuta mara mojamoja, lakini wengi huvuliwa kwa nyavu.

Upande wa Zambia wa mto na ziwa hilo, uvuvi hufungwa tangu 1 Desemba hadi mwisho wa Februari.