Kapelo yako ilianzia kwenye matundu

Ile kapelo yenye nembo unayopigia selfie imetoka mbali. Zamani mchoro wa darizi uliingia mashineni kwa utepe wa karatasi, kila mchomo wa sindano ukiwa na matundu yake. Miaka ya 1980 mafundi wakaanza kuchora kwenye kompyuta. Zikaja disketi, kisha flashi. Lakini mashine haisomi picha, jamani! Faili la DST, la Tajima wa Japani, linabeba hatua za sindano tu. Rangi ya uzi halijui. Fundi ndiye anapanga yote, na kwenye kofia anaanzia chini katikati akienda pembeni, la sivyo kitambaa kinajikunja. Halafu mteja anatuma picha yenye ukungu WhatsApp, anagoma kulipia mchoro: "Si unabonyeza tu?"