Jozijoto: chombo kinachopima tofauti

Chukua waya mbili za metali tofauti, uziunganishe ncha moja. Ncha hiyo ikipata joto zaidi kuliko ya pili, umeme mdogo sana hutokea. Thomas Seebeck aliligundua jambo hilo mwaka 1821. Kwa jozi ya aina K, iliyoenea zaidi viwandani, umeme huo ni kama mikrovolti 41 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi.

Hapa Bukavu jina la chombo kinachotumia jambo hilo limetujia kwa Kifaransa: termokupli. Anayetaka Kiswahili hukimbilia "kipimajoto", na hapo napinga. Chombo hiki hakijui joto. Kinajua tofauti ya joto kati ya ncha mbili. Napendekeza jozijoto, ili jina lenyewe limkumbushe fundi kwamba kuna ncha ya pili.

Ncha hiyo ya pili ndiyo inayosahaulika. Iko pale waya zinapoingia kwenye kisomeo, nacho hupima joto la mahali hapo na kulijumlisha. Sasa fundi wa tanuri la mikate anarefusha waya kwa shaba ya kawaida. Kiungo cha jozijoto na shaba kiko karibu na tanuri, kwenye nyuzi 50. Kisomeo kiko ukutani, kwenye 25. Tanuri litasomwa pungufu kwa nyuzi 25 hivi, mwokaji ataongeza moto, na mikate itaungua. Waya wa kurefushia lazima uwe wa aina ileile ya jozijoto.

Kuhakiki jozijoto nako kuna mtego wake hapa Muhumba, mtaa wetu wa Bukavu. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji kwetu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Anayetegemea 100 ya vitabuni atakiharibu chombo kizima akidhani anakirekebisha. Barafu iliyopondwa ikichanganywa na maji safi ni sifuri, Muhumba kama Mombasa.

Hata ikifungwa vizuri, aina K ya daraja la pili inaruhusiwa kukosea nyuzi 2.5. Kwa tanuri la nyuzi 220 si neno. Kwa ziwa letu haifai kabisa: maji ya juu yana nyuzi 24 hivi, ya chini kabisa karibu 26, na tofauti hiyo yote inamezwa na kosa. Wala usiitegemee kwenye friji ya chanjo, inayotakiwa kubaki kati ya nyuzi 2 na 8. Huko tumia kihisio cha ukinzani.